Soko la wasanifu michoro: Bei hufuata dhamana, si kompyuta

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anayetaka kuingia katika kazi ya usanifu wa michoro, ambayo mitaani imezoeleka kwa jina la grafiksi, anaingia katika soko lenye sura mbili. Upande wa chini wauzaji ni wengi, bei inabanwa kila siku, na mteja mwenyewe anaweza kujitengenezea tangazo kwa simu yake ya mkononi. Upande wa juu wenye viwanda vya uchapaji, wazalishaji wa vyakula na kampuni za matangazo wanatafuta mtu wanayeweza kumkabidhi kazi wakalala usingizi.

Wengi hudhani kinachotenganisha pande hizo mbili ni aina ya kompyuta, au idadi ya programu ambazo dizaina anazijua. Sivyo. Wala si kipaji peke yake. Kinachozitenganisha ni dhamana, yaani ni nani atakayejibu endapo kazi itaharibika. Katika biashara hii bei haifuati uzuri wa picha; hufuata ukubwa wa hasara ambayo msanifu anaizuia.

Hilo ndilo jambo ambalo mzazi anayeombwa ada, na mwanafunzi anayeiomba, wanapaswa kulipima kabla fedha haijatoka mfukoni.

KILA MASHINE NA PANGA LAKE

Kazi yenyewe si ngeni. Kabla ya kompyuta, vibao vya maduka viliandikwa kwa brashi na mafundi waliojua kupima herufi kwa macho. Katika viwanda vya uchapaji kurasa zilipangwa kwa mkono: maandishi yalikatwa kwa wembe, yakabandikwa juu ya karatasi ngumu, yakapigwa picha ili kupata filamu, na kutokana na filamu hiyo zikatengenezwa pleti za mashine ya ofseti. Kila hatua ilikuwa na fundi wake na mshahara wake.

Nchini Tanzania ufundi huo wa mikono ulidumu zaidi, kwa kuwa mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Huko nje mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1984 ilitoka Macintosh ya kampuni ya Apple. Mwaka 1985 zikafuata programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus na printa ya LaserWriter, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja mezani kwake akaweza kupanga ukurasa ambao awali ulihitaji mafundi kadhaa. Illustrator ilitoka mwaka 1987, CorelDRAW mwaka 1989 na Photoshop mwaka 1990.

Milango ya biashara ilipofunguliwa na mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, mahitaji yalilipuka kwa pamoja. Magazeti binafsi yalizuka, televisheni binafsi zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na uchaguzi wa mwaka 1995 ukaja na mabango, fulana na vipeperushi vyake. Katika miaka hiyo aliyejua tu kufungua programu na kupanga ukurasa alikuwa mtu adimu, na uadimu huo ulikuwa na bei yake.

Uadimu huo haukudumu. Vijana wengi walijifunza, kompyuta zikashuka bei, na kujua programu kukawa jambo la kawaida kama lilivyokuwa kujua kupiga taipu. Mwaka 2013 ikaanza Canva, iliyompa mwenye duka mifano iliyokwisha kupangwa, yeye akabadilisha majina tu. Kuanzia mwaka 2022 programu za akili mnemba zinazotengeneza picha kutokana na maelezo ya maneno zikawafikia watu wa kawaida duniani kote.

Anayetazama historia hiyo kwa jicho la biashara ataona jambo moja linalojirudia. Kila mashine mpya ilianza kwa kuchukua kazi ambayo ikikosewa hurudiwa bila hasara. Kazi ambayo kosa lake ni ghali ilibaki mikononi mwa mtu anayeweza kuwajibika. Mwanafunzi anayechagua kazi hii achague akijua ni ngazi ipi inayokatwa na ipi inayobaki.

NGAZI TATU ZA SOKO

Ngazi ya kwanza ni kazi za haraka. Humo zimo kadi za michango ya harusi, matangazo ya kusambazwa kwenye simu, picha za pongezi na vipeperushi vya semina. Kazi hizi zina msimu: harusi zinaposhamiri, wakati wa maonyesho ya Sabasaba kila mwezi Julai, na mwishoni mwa mwaka wakati wa kalenda. Ndiyo ngazi yenye wateja wengi na ndiyo yenye bei ya chini, kwa sababu iliyo wazi. Tarehe ya harusi ikikosewa kwenye kadi ya simu, hurekebishwa kwa dakika tano na kutumwa upya. Hakuna aliyepoteza chochote, hivyo hakuna anayelipa sana kuzuia kosa hilo.

Ngazi ya pili ni kazi za uchapaji na vifungashio: lebo, maboksi, mifuko, vitabu na mabango makubwa. Ngazi hii inakwenda pamoja na hali ya viwanda vidogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wafanyabiashara walihamia kwenye mifuko mbadala, ambayo mingi inaweza kuchapwa jina la duka. Mwaka huohuo usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mama anayesaga unga wa lishe, au kikundi kinachopakia asali, hakiwezi kufika kwenye rafu za duka kubwa bila lebo inayosomeka na yenye taarifa zinazotakiwa: jina la bidhaa, uzito, mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Lebo elfu kumi zilizochapwa uzito usio sahihi hazitumwi upya kwa simu. Zinatupwa.

Ngazi ya tatu ni nembo na sura nzima ya kampuni. Nembo ikishachorwa husajiliwa kuwa alama ya biashara. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya BRELA, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina usajili wake peke yake. Aliyesajili Bara hajasajili Visiwani. Nembo ikigundulika baadaye kuwa inafanana na ya mwingine, gharama yake si karatasi tu. Ni magari, mabango, sare za wafanyakazi, na pengine shauri mahakamani.

HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei rasmi ya soko bali ni njia ya kufikiri. Kijana anatoza Sh. 20,000 kwa tangazo moja la haraka na anapata kazi 20 kwa mwezi. Mapato ni Sh. 400,000. Anatoa Sh. 60,000 za umeme na intaneti, na Sh. 50,000 za nauli. Kompyuta yake ilinunuliwa kwa Sh. 1,800,000 na itadumu miaka mitatu, hivyo kila mwezi inakula Sh. 50,000 hata kama haoni fedha hiyo ikitoka. Zinabaki Sh. 240,000.

Ikiwa kila kazi inachukua saa sita pamoja na marekebisho, amefanya saa 120, na kila saa imemlipa Sh. 2,000. Lakini wateja wa ngazi hii hurudisha kazi mara kwa mara: badili rangi, ongeza jina la mjomba, punguza picha. Kila kazi ikifika saa 10, saa zinakuwa 200 na malipo ya saa moja yanashuka hadi Sh. 1,200. Bei ya kazi haijabadilika, ila kijana ameshuka mshahara bila kujua.

Sasa tuchukue lebo moja ya unga inayolipiwa Sh. 250,000. Msanifu amekwenda kwa mzalishaji, amepima mfuko, amehakiki maandishi, amekwenda kiwandani kuona prufu, na jumla ametumia saa 30. Akitoa Sh. 40,000 za gharama zake zote, kila saa imemlipa Sh. 7,000.

Je, mzalishaji ameibiwa? Hapana. Anachapa lebo 10,000, na tuseme kila moja inamgharimu Sh. 150. Ana Sh. 1,500,000 zinazoweza kuteketea kwa kosa moja. Malipo ya msanifu ni sehemu moja ya sita ya fedha hiyo, na kwa sehemu hiyo amenunua usalama wa zote. Huyo ndiye mteja anayelipa bila kulalamika, mradi awe na hakika kwamba anayemlipa anaijua kazi.

MILANGO YA KUINGILIA

Njia za kuingia ni kadhaa, na hakuna moja inayomfaa kila mtu. Somo la sanaa hufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari, na tangu Januari 2024 shule zilizoteuliwa zimeanza mkondo wa elimu ya amali, unaomwezesha mwanafunzi kutoka shuleni akiwa na ujuzi wa mikono. Vipo vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa taasisi ya TaSUBa mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa hadi ngazi ya shahada.

Kwa majirani, Chuo Kikuu cha Nairobi kina mafunzo ya usanifu, na Makerere ina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo hayo katika miaka ya 1930. Mtanzania Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma na kufundisha hapo. Kwa hiyo anayesema sanaa si elimu ya kufundishwa darasani katika eneo hili anasahau takriban miaka tisini ya kazi.

Mlango mwingine ni kiwanda cha uchapaji chenyewe. Wapo walioanza kwa kufagia na kukata karatasi, wakasogea kwenye meza ya pleti, kisha wakakaa mbele ya kompyuta. Njia hii ni ndefu na posho yake ni ndogo, lakini aliyepita humo ameshuhudia makosa ya wengine yakilipiwa, na hiyo ni elimu ambayo haimo katika vitabu.

Tatizo liko kwenye kozi fupi za miezi mitatu zinazoahidi kumtoa kijana akiwa mtaalamu. Nyingi hufundisha vitufe vya programu. Vitufe hubadilika, kilichofundishwa kinazeeka kabla ada haijarudi. Kabla ya kulipa, mzazi na mwanafunzi waulize maswali yafuatayo:

Je, chuo kimesajiliwa na mamlaka inayohusika, kama vile NACTVET?

Mwalimu amewahi kuchapa kazi gani, na anaweza kuionyesha ikiwa imetoka kiwandani, si kwenye kioo cha kompyuta tu?

Wanafunzi hupelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji kwa mafunzo ya vitendo, na kwa wiki ngapi?

Saa ngapi ni za kuchora kwa mkono na kujifunza herufi, na saa ngapi ni za kompyuta?

Je, yapo masomo ya kukadiria bei, kuandika mkataba na kutunza hesabu?

Chuo kisichoweza kujibu swali la pili na la tatu kinauza cheti. Ni afadhali fedha hiyo ikamlipie kijana nauli ya kwenda kujifunza kazi kwa mwenye mashine.

MAMBO AMBAYO KIWANDA HAKISAMEHE

Yako mambo machache ambayo mwanafunzi akiyashika mwaka wa kwanza atajitofautisha mapema na umati wa ngazi ya chini.

La kwanza ni rangi. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya ofseti hutumia wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Bluu inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka kiwandani ikiwa imefifia, na mteja hatamlaumu mtengenezaji wa wino.

La pili ni ukubwa wa picha. Uchapaji mzuri wa kitu kinachosomwa mkononi huhitaji nukta 300 kwa inchi. Picha ya kujaza ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, inatakiwa kuwa na nukta 2480 kwa 3508. Picha iliyopita kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa na kupunguzwa, na ikivutwa ijae ukurasa hutoka na ukungu. Mwenye kujua humwomba mteja picha yenyewe iliyotoka kwenye kamera.

La tatu ni ukingo wa kukatia. Kisu cha kiwandani hakikati mstari uleule kwa kila karatasi, ndiyo maana rangi hupelekwa milimita 3 nje ya mpaka kila upande. Aliyesahau ziada hiyo atapata mstari mweupe pembeni mwa kazi yake yote.

La nne ni hesabu ya karatasi, ambayo wanafunzi wengi hawaifundishwi kabisa. Karatasi kubwa ya kiwandani ya saizi ya SRA1 ina milimita 640 kwa 900. Vipeperushi vya A4, pamoja na ziada ya kukatia, hukaa 8 katika karatasi hiyo. Msanifu akiamua kwa kupenda tu kwamba kipeperushi kiwe na milimita 220 kwa 310, vinakaa 6. Kwa vipeperushi 12,000, mteja aliyehitaji karatasi 1,500 sasa anahitaji 2,000. Karatasi 500 zimeongezeka kwa sababu ya sentimita moja ya upana na kidogo zaidi ya urefu. Mwenye kiwanda akimwona msanifu anayepiga hesabu hiyo kabla hajaulizwa, hamwachi aende.

La tano ni mistari ya utambulisho wa bidhaa, ile inayosomwa na mashine ya kaunta. Namba zinazotolewa na ofisi ya GS1 ya Tanzania huanza na 620, na za Kenya 616, ingawa namba hiyo huonyesha ilikotolewa tu, si lazima bidhaa ilikotengenezwa. Ukubwa wa kawaida wa alama ya tarakimu 13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na haipaswi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya hapo. Mistari isiwe myekundu hata kama nembo ya mteja ni nyekundu, kwa sababu mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu na mistari hiyo huiona kama nyeupe. Bidhaa isiyosomeka kaunta hurudishwa kwa mzalishaji.

La sita ni lugha. Lebo na mabango ya Kiswahili yenye makosa ya tahajia yamejaa barabarani. Msanifu anayesoma maandishi mara tatu, na kumpa mwingine ayasome mara ya nne, anauza kitu ambacho mashine bado haijakichukulia dhamana.

VIFAA: KUNUNUA AU KULIPIA KILA MWEZI

Kwa mwanafunzi, gharama ya vifaa ni kikwazo cha kweli. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya programu zake kuu kwa mauzo ya mara moja na kuhamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Kwa anayepata kipato cha shilingi, malipo yanayopangwa kwa dola hupanda shilingi inaposhuka, na kazi zilizohifadhiwa huwa ngumu kufunguliwa malipo yakikatika.

Nakala za wizi zinazouzwa mitaani si jawabu. Mbali na virusi, kampuni kubwa inaweza kumuuliza msanifu uhalali wa programu na wa herufi alizotumia, na asiye na jibu hupoteza kazi. Zipo programu huru zisizolipiwa: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro ya mistari, na Scribus kwa kupanga kurasa. Si kila kiwanda kinazipenda, lakini faili la PDF lililoandaliwa vizuri halibagui limetoka katika programu gani.

Aidha, mwanafunzi hahitaji kompyuta ya bei kubwa katika miezi ya mwanzo. Penseli, rula, karatasi na lenzi ya kukuzia vinatosha kumfundisha kupima herufi, kugawa nafasi na kuchunguza nukta za wino katika kazi ya wengine.

DOLA 35 NA MZEE WA BUGURUNI

Dhamana isiyoandikwa haina malipo. Mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani, inatosha.

Mwaka 1971 Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa usanifu katika chuo cha Portland State, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo huku akiendesha biashara ya viatu, alimpa vibarua vya kuchora kwa dola 2 kwa saa. Kisha akamwomba alama ya kiatu kipya. Davidson alitoa ankara ya dola 35. Alama hiyo ndiyo ile ya Nike. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa kwa kumshukuru, lakini hiyo ilikuwa hiari ya kampuni. Ankara ilikuwa imekwisha kulipwa.

Jijini Dar es Salaam, Francis Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mzee Ngosha, alifariki dunia Mei 2017 baada ya kuishi katika hali ngumu huko Buguruni. Alikuwa amejulikana nchini kote kwa kudai kwamba alishiriki kuchora Nembo ya Taifa. Si kazi ya ukurasa huu kuamua nani alichora nini. Lakini ubishi kama huo huzaliwa pale ambapo hakuna hati iliyo wazi inayosema nani alifanya kazi gani, kwa malipo gani, na nani abaki na haki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na ulinzi wa haki za kiuchumi hudumu maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo sheria humsaidia mwenye ushahidi. Mkataba wa msanifu hauhitaji kurasa ishirini. Kurasa mbili zinatosha, zikieleza kazi ni ipi, marekebisho ni mara ngapi bila malipo ya ziada, malipo ya awali ni kiasi gani, salio litalipwa lini, na haki za mchoro zitahamia kwa mteja wakati gani. Inashauriwa zisihame kabla ya salio kulipwa.

Jambo la mwisho katika mkataba huo ni prufu. Mteja aione, aisome na aitie saini kabla mashine haijawashwa. Saini hiyo ndiyo mpaka wa dhamana: kabla yake kosa ni la msanifu, baada yake mteja amekubali alichokiona. Wasanifu wachanga huona aibu kuidai saini kwa mteja wanayemheshimu. Ni aibu ya gharama kubwa.

JALADA LA KAZI

Anayeomba ajira au kazi ya kwanza huulizwa amefanya nini. Wengi hubeba picha mia moja. Kazi kumi hadi kumi na mbili zinatosha, iwapo kila moja inaambatana na maelezo mafupi: mteja alikuwa na tatizo gani, bajeti ilikuwa kiasi gani, ilichapwa wapi, na nini kilijitokeza. Zaidi ya nusu ziwe zimetoka kiwandani, ili mwajiri azishike mkononi.

Asiye na wateja asianze na nembo za kampuni kubwa ambazo hazikumwomba. Aende kwa mzalishaji mdogo wa mtaani kwake, au ulizie kwa SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 inahudumia viwanda vidogo, na aombe kufanya lebo moja ya kweli kwa bei ya kuanzia, ndogo lakini iliyoandikwa. Kazi ya bure ina hasara mbili: mteja haihakiki kwa makini, na mwanafunzi hajifunzi kuomba fedha.

MWELEKEO

Kwa ufupi, kazi za haraka za kwenye simu zitaendelea kubanwa bei na mashine, na kijana anayetegemea hizo peke yake ajiandae kukimbia zaidi kwa malipo yaleyale. Kazi za lebo, vifungashio, vitabu na nembo zitafuata hali ya viwanda na biashara, vikikua zitakua. Mwanafunzi anaweza kula kwa kutumia ngazi ya kwanza huku akipanda kwenda ya pili, lakini asijenge nyumba yake hapo.

Kwa mzazi, swali la kumuuliza kijana si kama anapenda kuchora. Amuulize kama yuko tayari kusimama kiwandani saa tatu usiku akikagua karatasi ya kwanza inayotoka kwenye mashine, na kusema "simamisheni" anapoona kosa. Akijibu ndiyo, ada hiyo ina mahali pa kurudi.

Naye kijana, pamoja na penseli yake, anunue daftari. Kila kazi aiandike: saa alizotumia, fedha iliyoingia, kosa lililotokea na nani aliyelilipia. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamweleza ni kazi gani aipandishe bei na ipi aiache. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.